Afande kagonga magunia kwa kirungu, watu waliokaa juu yake hakuwaona!

Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Acha niteme nyongo.

Jioni hii nashuka mlima Sekenke, huku Singida, kuelekea Shelui, mbele yangu Fuso imetoka mnadani. Chini mahindi, lumbesa tupu, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, juu ya lumbesa watu. Nilijaribu kuwahesabu nikakwama kwenye thelathini na kitu. Kuna mama kakaa pembeni kabisa, mtoto mgongoni, mkono mmoja kashika kamba ya turubai, mwingine kamshika mbuzi pembe. Mbao za bodi zinawaishia kwenye vifundo vya miguu, sasa hapo zinamzuia nani?

Kwenye kona Fuso ikalala upande. Lumbesa lina tumbo, halitulii, safu nzima ikateleza na watu wake. Kitu kikadondoka, pwaa, kwenye kioo changu. Wakuu, nilijua ni mtoto. Nikakanyaga breki gari ikaserereka, nashuka nakuta kandambili. Kandambili tu. Nilikaa chini pale pembeni ya lami kama dakika kumi.

Nikawakuta kizuizini huko mbele. Utingo kashuka na karatasi zake, wakaenda kuongelea nyuma ya gari, afande akagongagonga magunia kwa kirungu kama anachagua tikiti maji, haya nendeni. Zamu yangu: "Mkanda uko wapi?" Niliufungua nilipokwenda kuokota ile kandambili, nikasahau kuufunga. Elfu 30. Mimi peke yangu, ndani ya gari lenye milango minne na kiti!

Na msiniletee ile ya "wananchi wenyewe wanapenda". Vijiji vile basi ni moja, linaondoka alfajiri. Ukishanunua mbuzi mchana unarudi na nini? Yule mama hapendi. Anayependa ni mwenye Fuso, maana mzigo ulishalipiwa, kila kichwa buku tatu ni ya juu. Piga hesabu mwenyewe. (Dereva naye, nasikia, ana fungu lake humo.)

Siku likipinduka tutaambiwa mwendokasi, dereva katokomea kusikojulikana. Aliyewaruhusu wapite hatajwi kamwe.

Afande, kama unapita humu, kandambili ninayo. Nyekundu, ya mguu wa kushoto, saizi ya mtoto wa darasa la kwanza. Njoo uichukue ukamtafute mwenyewe.