Sizalifti inapiga alamu tukiitoa nje, fundi umeme anataka kukata sensa. Naomba ushauri

MpakaRangi_Kizota

Habari za jioni wakuu.

Mimi na mwenzangu ni mafundi rangi na mabati hapa Dodoma. Tumepata kazi ya ghala la nafaka upande wa Kizota, kuta zina mita saba na kidogo. Mwenye kazi katukabidhi sizalifti yake ya betri, ile ya jukwaa la kupandisha watu kwa mikasi, kainunua mtumba Dar. Ndani, kwenye zege, haina shida. Tukiitoa nje kwenye moramu iliyoshindiliwa, ikipanda kidogo tu inapiga alamu na kugoma. Tukiishusha inatulia.

Fundi umeme wa saiti anasema sensa imeingia vumbi, dawa yake ni kuikata na kuunganisha waya moja kwa moja, kazi ya nusu saa. Halafu chaji haifiki hata saa saba mchana, naye anashauri tutoe zile betri nne ndogo tuweke betri mbili za lori, N200. Mwenye mali anatukimbiza, anataka ghala liwe tayari kabla mahindi hayajaanza kuingia. Lakini anayesimama juu ni mimi, na roho inasita. Mwenye uzoefu na hizi mashine anisaidie.

Zuzu_Stesheni

Mwambie huyo fundi akishakata apande yeye kwanza. Akianza kutafuta sababu, jibu umeshapata. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

Opareta_Mtumba

Mkuu, sensa inayolia nje na kunyamaza ndani ni nzima. Ingekuwa mbovu ingelia hata kwenye zege lililonyooka. Inakwambia hapo uliposimama pameinama.

Mashine nyingi za aina hiyo zinaruhusu mwinamo wa digrii 1.5 kushoto na kulia, na digrii 3 mbele na nyuma. Digrii moja na nusu ni kama sentimita 2.6 kwa kila mita, ambayo kwa macho huioni. Weka pimamaji kwenye ubao ulionyooka, upitishe chini ya pale mnapofanyia kazi, utashangaa. Sasa piga hesabu: jukwaa likiwa mita 6 juu, mwinamo huohuo umeshalisogeza pembeni sentimita 16 hivi, na zile nyembamba upana wake chini haufiki hata mita moja. Hapo hujaegemea kingo kukwangua rangi ya zamani. Na usithubutu kuingiza matofali chini ya gurudumu ili ilale sawa. Hiyo kitu ina tani moja na nusu na kuendelea, tofali likipasuka hakuna wa kuidaka.

Pia soma stika iliyo karibu na ngazi yake. Kuna zilizoandikwa upepo 0, maana yake ni za ndani tu, hata kama nje una zege zuri. Za nje nyingi zimeandikwa 12.5 m/s, yaani kilomita 45 kwa saa, na mara nyingi watu wanapunguzwa: ndani wawili, nje mmoja. Nanyi mnafunga mabati! Bati la mita tatu mkononi kwenye upepo wa Dodoma wa katikati ya mwaka ni tanga la jahazi.

ChapaKazi255

Mnamtisha bure. Sisi Ihumwa tulikata sensa siku ya kwanza na jengo likaisha, hakuna aliyekwaruzwa. Mkizisikiliza hizo mashine hamtamaliza kazi.

Opareta_Mtumba

@ChapaKazi255 mlikata, mkabahatika. Ikianguka, kitu cha kwanza kitakachoonekana ni ule waya. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, hawataishia kwa fundi umeme, watamfuata na mwajiri.

Haidroli_na_Betri

Niongelee betri. Zile nne ni za volti 6, zimeungwa mfululizo kupata 24. N200 mbili, kila moja volti 12, nazo zinatoa 24, hesabu ya fundi iko sawa. Shida ni kwamba N200 imetengenezwa kuwasha injini ya lori, si kunyonywa kutwa nzima hadi iishe, itakufa mapema. Kingine ambacho wengi hawakijui, uzito wa betri umo kwenye hesabu ya kuishikilia mashine chini. Usiweke nyepesi kuliko za mwanzo.

Kabla ya kununua chochote, fungua vifuniko uangalie maji. Kwa joto la kwetu yanakauka haraka. Sahani zikiwa wazi, ongeza maji safi ya betri yazifunike tu, chaji mpaka ijae, ndipo umalizie kujaza. Si ya bomba, na si asidi. Chaji penye hewa, sigara mbali, gesi yake inalipuka. Je, chaja inapata umeme usiku kucha?

Vumbi pangusa kwa tambara au puliza kwa kompresa, usilipige maji ya presha kwenye waya. Oili ikivuja, itafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kiganja: tundu la sindano kwenye hozi linapenyeza oili ndani ya ngozi. Na usiingize hata kichwa kati ya mikasi kabla hujaweka ile nguzo yake ya kuzuia isishuke.

MpakaRangi_Kizota

Asanteni sana wakuu. Leo asubuhi nimekagua. Stika imeandika watu 2, ndani tu, upepo 0. Betri, vyumba kadhaa sahani zilikuwa wazi kabisa. Na mlinzi huzima jenereta saa mbili usiku, kumbe chaja haimalizi kazi! Mwenye mali nimemtumia picha ya stika, kanyamaza kidogo kisha kauliza, "Sasa nje mtafanyaje?" Nami nawauliza nyie.

Mjenzi_Chamwino

Kodini skafoldi ya bomba. Ya magurudumu kwenye moramu siishauri, kimo chake kwa nje kisizidi mara tatu ya upande mwembamba wa kitako, kwa hiyo mita saba itawadai miguu ya pembeni. Chukueni ya kusimama, chini weka sahani zake juu ya mbao nene, ifungwe ukutani, juu iwe na kingo za mkono na ubao wa miguuni. Kama kuna nyaya za TANESCO upande wowote, msizisogelee chini ya mita 3, nendeni ofisini kwao waombeni wakate umeme mkiwa kazini hapo.

Sizalifti ibaki ndani. Ila kabla hujapanda tena, tafuteni kishikio cha kuishushia kwa dharura, kipo chini kwenye bodi, na mwenzako ajaribu ukiwa nusu mita tu juu. Za mtumba waya wake mara nyingi umeganda kwa vumbi.