Bati limepoa, mbona chumba bado kinaunguza saa nne usiku?

Mama Wawili, Cheyo, Tabora
Habarini za jioni. Joto la mwezi wa kumi huku kwetu mnalijua. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, bati geji 30, dari bado. Mchana nalaumu bati, sawa. Ila jana saa nne usiku nimegusa bati la upenuni, limeshapoa kabisa, na ndani mwanangu analoa jasho. Bibi yangu Sikonge alilala nyumba ya udongo na nyasi, sikumsikia akilalamika. Fundi anasema nibadilishe niweke geji 28, ambalo ni nene zaidi. Itasaidia?

Mkulima, Urambo
Pole sana, mama. Hiyo hela usiitoe. Mimi nakausha tumbaku, na jibu lako liko ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Bomba la bati linalopita chini likipokea moto wa tanuru linaumwaga humo humo. Kuni zikiisha, muda si mrefu unalishika kwa mkono. Ukuta wa matofali sivyo! Kesho yake asubuhi ukiuegemea bado una uvuguvugu. Kwenye bani tunaupenda ukuta huo, chumbani kwa mtoto unatesa. Jua la mchana kutwa limeingia ukutani, usiku linatoka.

Mwalimu wa fizikia
Naongezea hesabu kidogo. Kilo ya tofali kupanda digrii 1 inataka kama joule 800, ya chuma kama 450. Si tofauti ya kutisha. Kinachotisha ni uzito: ukuta wa mita 3 kwa 3 wenye unene wa sentimita 15 ni tani mbili na ushee. Bati halifiki hata milimita 1, na chuma hupitisha joto zaidi ya mara 50 kuliko tofali, kwa hiyo geji 28 haizuii kitu. Nyasi za bibi zilizuia kwa sababu zimejaa hewa iliyotulia. Weka dari, acha matundu ya hewa juu yake, na ukuta unaopigwa na jua la alasiri upatie kivuli. Mwembe unatosha.

Mama Wawili
Nimetoka kugusa kuta zote nne. Wa magharibi ndio wa moto, na kitanda cha mtoto kimeegemea hapo hapo! Nimeshakisogeza na dirisha nimefungua, chandarua kipo. Mkulima, mche wa mwembe niupande umbali gani na msingi?