Mrejesho: mwanya wa Log4j kwenye seva zetu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza tufanyeje na CVE-2021-44228 (mwanya unaomwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye seva akiwa mbali) wakati hata hatujui ni programu zetu zipi zinatumia Log4j, maktaba ya Java ya kuandika logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyeniambia nisitafute kwa jina la faili tu ndiye aliyeniokoa. Tulipofungua faili za WAR (vifurushi vya programu za wavuti za Java) tukakuta log4j-core 2.14.1, toleo lenye mwanya huo, imejificha ndani ya jar (kifurushi cha msimbo wa Java) iliyo ndani ya jar nyingine, kwenye mfumo wa ripoti ambao kila mtu aliapa hauna Java. Hata mimi niliapa.

Ushauri wa kuweka formatMsgNoLookups (mpangilio wa kuizuia Log4j isitekeleze maelekezo yaliyo ndani ya ujumbe wa logi) iwe true tuliufuata usiku uleule, ila haukutosha: mwanya wa pili, CVE-2021-45046, ukaja kuonyesha njia nyingine ya kupenya. Hata Log4j 2.15.0 tuliyoikimbilia tukaiacha. Sasa tuko 2.17.1.

Umebaki mfumo mmoja ambao muuzaji hajatoa toleo jipya. Huo tumeufutia JndiLookup.class (sehemu ya Log4j ambayo shambulio hili hupitia) kwenye jar, na seva yake tumeizuia isitoke kwenda intaneti. Kwenye logi kulikuwa na mistari ya ${jndi:ldap tele, yaani majaribio ya kuutumia mwanya huu. Sijaona dalili kwamba kuna aliyeingia, lakini nywila zote tumebadilisha.