Naombeni ushauri: nataka kuzunguka hifadhi kabla sijastaafu

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, mtumishi wa umma, mwakani natimiza 60, nastaafu kwa lazima. Mlima nauona kila siku, lakini mbugani sijawahi kukanyaga. Mwenzangu ofisini alimpeleka mkewe Tarangire, akarudi na habari za tembo hadi nikamwonea wivu.

Mimi na mama watoto tunataka Tarangire, Manyara na Serengeti. Kiingilio si tatizo, Watanzania tunalipa nafuu kuliko wageni. Shida ni usafiri. Gari letu ni la chini, na njia ya Serengeti kutokea Arusha inapita Ngorongoro, ambako kuna ada yake tofauti na ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Tukodi gari Arusha wenyewe, au tuchangie na wengine? Mama magoti yanamsumbua, vumbi na mashimo namhurumia.

Halafu msimu. Februari nyumbu wanazaa Ndutu, upande wa kusini. Agosti wako kaskazini, mto Mara, na Tarangire ndipo tembo wanajaa. Likizo ni moja tu, mngechagua ipi?

Wengine wananishauri nisubiri kiinua mgongo. Hiyo hela ina wajomba wengi.