Kocha wa kujitolea: akizembea mtoto akaumia, ashtakiwe?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana haya.

Jumapili moja nilikuwa pembeni ya kiwanja chetu cha mchangani, vijana wa chini ya miaka 15 wanacheza. Ikapigwa kona, wawili wakagongana vichwa. Mmoja akakaa chini, macho yamelegea. Anauliza ngapi ngapi, anajibiwa, anauliza tena. Kocha akammwagia maji ya kandoro kichwani, "kaza, wewe mwanaume," akamrudisha ndani. Usiku ule mtoto alitapika hadi alfajiri. Alipona, namshukuru Mungu.

Mama yake alipohoji, mtaa ukamgeukia: kocha halipwi hata nauli, jezi kanunua mwenyewe, unamtakia nini?

Mimi nasema kutolipwa si kinga. Uingereza hili limewafika waamuzi wa ridhaa, nao hawana tofauti na kocha kwa kuwa usalama wa wachezaji uko mikononi mwao. Mwaka 1991 kijana wa miaka 17 alivunjika shingo kwenye raga, skramu (pale wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wanaposhikana na kusukumana vichwa chini) zikiporomoka tena na tena huku mwamuzi hasimamii kanuni za kuwalinda vijana. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikasema huo ni uzembe, awajibike. Mwaka 2003 mwamuzi mwingine, wa Wales, naye akaamuliwa kuwa alizembea, na Chama cha Raga cha Wales kikabeba mzigo wa kulipa fidia. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, ila sheria yetu ya uzembe imetoka kulekule na mawakili wetu wanaweza kuzinukuu.

Sisemi kila anayevunjika mguu akimbilie mahakamani. Kuteleza, kuchezewa rafu, hiyo ndiyo michezo. Lakini mtoto asiyejua hata matokeo hawezi kuamua kama arudi uwanjani. Mwenye kuamua ni kocha, na kumtoa hakuhitaji cheti wala hela. Jimbo la Washington, Marekani, tangu 2009 sheria inataka kijana anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe palepale, asirudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya.

Ninapokwama ni kwa mlipaji. Ukimshinda kocha wetu mahakamani, atalipa na nini? Naona mzigo ubebwe na chama kinachosajili timu na kupokea ada: kikate bima kwa kila ligi ya watoto, kiwafundishe makocha huduma ya kwanza. Makocha mliopo humu, sheria ikiwa hivyo mtaendelea kufundisha?