Re: Navuka kwenda Vientiane kwa viza, nitakula nini?

> Shikamooni wakubwa. Wiki ijayo navuka daraja la Nong Khai kutoka huku Thailand kwenda Vientiane, mji mkuu wa Laos, kushughulikia viza ya kazi, kisha napanda treni hadi Luang Prabang kwa siku tatu. Mimi ni Mwislamu, na nimesikia habari za samaki wa kuoza. Nitakula nini?

Marahaba mdogo wangu.

Chakula cha Laos umeshakionja bila kujua. Ile som tam (saladi ya papai bichi) na laap (nyama iliyokatwakatwa na viungo) unayonunua nje ya shule yako ni chakula cha watu wa Isan, yaani kaskazini mashariki mwa Thailand, na watu wa Isan na Walao ni ndugu kwa asili na kwa lugha. Ng'ambo ya mto Mekong papai bichi la kutwangwa linaitwa tam mak hoong, na ladha yake ni nzito zaidi kwa sababu ya padaek. Hao ndio "samaki wa kuoza" wako: samaki wa mtoni wanaochanganywa na chumvi na pumba za mchele, wakakaa mtungini miezi mingi. Sisi tuliokulia kwenye ng'onda na dagaa tusiwaogope. Ukishindwa kabisa sema "bo sai padaek", wasitie.

Lakini anza na khao niao, wali wa kunata, maana kila kitu mezani kimepikwa kwa ajili yake. Mchele unalowekwa usiku kucha, kisha unapikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Unaletewa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, tip khao. Mimi siku ya kwanza niliomba kijiko. Mama mwenye kibanda hakuniletea. Alikuja akakaa karibu yangu, akamega tonge dogo, akalifinyanga kwa vidole, akatowea. Nilikuwa na miezi mitano sijala kwa mkono mbele za watu, machozi yalinilengalenga. Funika kikapu kila ukishamega, wali ukipata hewa unakauka.

Luang Prabang tafuta kaipen: mwani wa mtoni unaotandazwa, ukanyunyiziwa ufuta, ukaanikwa juani na kukaangwa kidogo. Huliwa na jeow bong, pilipili ya kusaga, ila hiyo mara nyingi ina ngozi ya nyati wa kufugwa, kwa hiyo wewe omba jeow ya bilinganya za kuchoma. Mok pa ni samaki, amefungwa kwenye jani la mgomba na mchaichai na shibiti, akaiva kwa mvuke. Uliza kwanza kama wametia mafuta ya nguruwe. Or lam, mchuzi maarufu wa mji ule, kwa kawaida hupikwa kwa nyama, na hutajua imechinjwaje.

Sasa nisikilize vizuri. Samaki mbichi usile, hata ukikaribishwa na mwenyeji unayempenda. Koi pa ni samaki wa mtoni asiyepikwa, amekamuliwa ndimu, na ndimu haiui minyoo ya ini inayoitwa Opisthorchis viverrini. Mdudu huyu hukaa mwilini miaka mingi na huleta saratani ya mirija ya nyongo. Hapa Khon Kaen, mji wa Isan, nimewaona wagonjwa wake, na jirani yangu tumemzika. Laap nayo iagize "suk", iliyopikwa. Ile "dip" ni mbichi, na wengine hutia na damu.

Wako,
dada wa Khon Kaen

---

Naongezea niliye hapa Vientiane. Kaka, Msikiti wa Jamia uko kwenye kichochoro karibu na chemchemi ya Nam Phou, na mitaa ya jirani ina migahawa ya halali ya watu wa Bara Hindi. Ukikataa nguruwe sema "bo kin sin mu". Chunga khao jee, ile mikate mirefu iliyobaki tangu enzi za Wafaransa: kilichopakwa ndani mara nyingi ni nguruwe. Agiza ya mayai, na uione ikitengenezwa.

---

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Dada, ya samaki mbichi nimeishika. Nikuletee kaipen ngapi?

---

Tatu, na zisikunjwe, zinavunjika. Moja nitampelekea mke wa yule jirani, kwao ni Luang Prabang.