Darubini ya shingoni au ya stendi kwa ndege wa matopeni?

Kijana_Makambako: Kamwene wadau. Nataka kununua darubini kabla ya Oktoba, ile Siku ya Ndege Wahamao Duniani inayoangukia Jumamosi ya pili ya mwezi, kikundi chetu tunataka kwenda kuhesabu. Nimekwama, nichukue ya kuvaa shingoni au ile ya jicho moja inayokaa kwenye stendi?

MamaUyole: Mdogo wangu, bajeti? Unaangalia wapi? Unavaa miwani? Bila hayo kila mtu atakusifia ya kwake tu.

Mwana_Isimani: Shingoni 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, umemaliza. Achana na 10x, mkono ukitetemeka picha nayo inatetemeka, na eneo unaloliona ni finyu, kindege kikiruka ushakipoteza.

Chunya_Moja: Mkuu Isimani heshima yako, ila kwa vitwitwi, vile vindege vidogo vya matopeni, sikubali. Hawa wanakaa katikati ya tope huko mbali na tope la Ziwa Rukwa huliingii, mamba wapo. Kwa 8x utaona vidoa vya kahawia vinatembea. Na mwezi wa nane na wa tisa ndio utamu wenyewe, wakubwa wanatangulia kutoka Siberia na Ulaya kaskazini bado wana manyoya ya kuzalia yamechakaa, makinda ya mwaka huu yanafuata na manyoya mapya yenye kingo safi, sasa usipoziona hizo kingo mgongoni utasemaje huyu ni nani? Chukua ya stendi, 20-60x, na uwahi asubuhi maana jua likipanda mvuke wa joto unachezesha kila kitu.

Kijana_Makambako: Samahani, laki sita. Sivai miwani. Tunaenda bwawa la Mtera.

MamaUyole: Laki sita ya stendi nzuri haipati, tena stendi yenyewe ikiwa nyepesi upepo wa Mtera unaitikisa. Na uwe makini na maduka. Mimi kuna duka, silitaji, waliniuzia darubini imeandikwa 60x60, vioo vyekundu vinang'aa, muuzaji anaapa inaona mpaka mwezini. Nimefika bwawani giza tupu, picha mbili hazikutani, kichwa kikaniuma mpaka jioni. Nikairudisha wakaniambia bidhaa ikitoka dukani hairudi, nilibishana nao mpaka nikachoka. Piga hesabu: gawa namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni milimita 5 na kidogo za mwanga zinazofika jichoni. 60 kwa 60 ni milimita moja, ingekuwa hata ni kweli usingeona kitu alfajiri. Na vile vioo vyekundu vikimbie kabisa.

Mufindi_Chai: Kwani lazima Mtera? Bwawa la Ngwazi hapa ndege wanakuja karibu na 8x inatosha kabisa, hata yule kitwitwi wa kwetu mwenye mikanda miwili myeusi kifuani na duara jekundu jichoni utamwona vizuri tu.

Chunya_Moja: Ngwazi padogo bana. Bora hata bonde la Usangu.

Mwana_Isimani: Usangu ipi mwezi wa tisa? Mashamba ya mpunga yamekauka, na Ihefu, kile kinamasi chake, tangu 2008 iko ndani ya hifadhi ya Ruaha, unalipa kiingilio. Mtera maji yakishuka tope linafunguka lenyewe.

Mbarali_Juu: Hapo kwenye kukauka ongeeni vizuri. Kila mwaka mnasema mkulima kakausha mto.

Mwana_Isimani: Sijamtaja mkulima. Ila Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 90, na mto ukikauka ndege watashuka wapi?

Mbarali_Juu: Waje kwetu mvua zikianza, majaruba yakijaa maji chekeamwezi, nao ni ndege wa matopeni, wanajaa mpaka unashangaa. Hatuwafukuzi.

MamaUyole: Rudini kwenye darubini jamani.

Chunya_Moja: Kikundi mchangie stendi moja, kila mtu abaki na ya shingoni yake.

Kijana_Makambako: Wenzangu hela hawana kwa sasa. Mkuu Isimani, basi la Dodoma linashusha pale kwenye ukuta wa bwawa? Na hiyo 8x42 yako uliipata wapi?

Mwana_Isimani: Linashusha, ila pale kuna mtambo wa umeme, jitambulisheni kwanza kabla hamjatoa darubini. Mko wangapi?